Ufunguo Anao Daudi

Gerezani, Dodoma
9 Septemba 2024

Mama Witness,

Pokea salamu zangu, wewe na mtoto. Anayekuletea barua hii anaitwa Ibrahimu. Ameachiwa leo, na njia yake inapita Chipelo, kwa hiyo nimeandika bila kuogopa macho ya askari. Mpe chakula, ametoka na njaa.

Siku waliyonichukua sikupata nafasi ya kukueleza kitu. Kutiwa pingu mbele ya kisima, wanawake wote wakitazama, kulinifunga mdomo. Shtaka linasema nimeiba mali ya reli: kengele, taa za ishara, mzani wa mizigo, ubao wenye jina la stesheni, na yale mabenchi mawili ya mninga. Wanasema mlango haukuvunjwa na ufunguo nilikuwa nao mimi. Ni kweli. Tangu stesheni ilipofungwa na treni zikaacha kusimama, ufunguo ninao mimi, na wewe umenicheka miaka yote kwa kufagia jengo lisilo na abiria.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Vile vitu nilimpa Joel. Alikuja mwezi wa sita kumchukua mama yake, Mama Emiliana, kwenda kutibiwa macho, akakaa na mimi kwenye ngazi za stesheni. Akasema, "Kaka Daudi, treni ya umeme inaanza. Hii reli yetu watu wataisahau kama ndoto. Chama chetu cha urithi kimepata jengo mjini, tunafungua makumbusho, na chumba kizima kitakuwa cha Chipelo." Akaniomba nisimtaje kwa mtu yeyote mpaka siku ya ufunguzi, anataka kumshtukiza mama yake. Nani ningemwamini kama si yeye? Baba yake alikuwa stesheni masta, baba yangu fundi njia, na mama yangu alipofariki ni Mama Emiliana aliyenilaza kitanda kimoja na Joel na kutupakulia sahani moja.

Ndiyo maana nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba kumbukumbu. Bibi Anyesi alinipa kofia ya marehemu mumewe, aliyekuwa mpagazi wa stesheni. Alilia akinipa. Joel akamtuma Iddy na lori, tukapakia.

Nilipokamatwa niliruhusiwa kupiga simu moja, nikampigia Joel. Akasema nisimtaje kwanza. "Tukiwa ndani wote wawili, nani atamtoa mwenzake?" Nimeona ni maneno ya akili. Nenda kwake Makole, umwambie nipo na ninamsubiri.

Mumeo,
Daudi Matonya


Chipelo
22 Septemba 2024

Baba Witness,

Nashukuru kupata maandishi yako. Hii nampa mchungaji anayewahubiria wafungwa Jumapili, amesema atakufikishia.

Makole nimefika. Joel alinipokea vizuri mno. Chai, mkate, "shemeji kaa hapa penye upepo". Nikamweleza. Akashika kichwa, akasema hapati usingizi kwa ajili yako. Vitu viko salama, viko stoo, makumbusho yamechelewa tu kwa sababu wafadhili wamerudi nyuma. Nikamwomba akudhamini, maana yeye ni mtu anayejulikana. Akasema, "Shemeji, kwa nafasi yangu nikionekana pale mahakamani nitaharibu zaidi. Niachieni, najua mlango wa kupitia." Kisha akanisindikiza hadi barabarani, akanipungia mkono mpaka bajaji ikakata kona.

Sijui, mume wangu. Mtu anayehangaika kwa ajili yako angeniuliza unakula nini huko. Hakuniuliza.

Huku kijijini mambo si mazuri. Nikisalimia "mbukwa" kisimani, wanajitwika ndoo na kuondoka. Bibi Anyesi amekuja mlangoni kudai kofia. Nilimwambia iko mahali salama, akaniuliza mahali gani, nikabaki nimesimama kama mwizi kweli.

Mama Emiliana amerudi. Jicho moja limefanyiwa upasuaji, bado limefungwa. Alipita stesheni akipapasa ukuta, akaingia ndani akaita jina lako. Joel alikuwa naye.

Mkeo,
Sidonia


Chipelo
6 Oktoba 2024

Kwako Daudi,

Naandika kwa mkono wa katekista Thomas kwa kuwa macho yangu hayajapona. Maneno ni yangu, asilaumiwe yeye.

Mume wangu Henry aliipiga ile kengele kwa miaka yote ya kazi yake. Aliipiga akiwa na homa. Aliipiga siku tuliyomzika mtoto wetu wa pili, kwa sababu treni haijui msiba. Mwaka ule stesheni ilipofungwa, alipokuwa anakata roho, ni wewe uliyekuwa umemshika mkono, akakupa ufunguo mbele yangu. Hakumpa Joel. Alikupa wewe.

Mwanangu ameniambia kila kitu. Kwamba uliwadanganya watu kuna makumbusho, ukakusanya hata vya wajane, ukauza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sikutaka kuamini. Nikakuita mle ndani ya stesheni, sauti yangu ikanirudia.

Joel yuko hapa karibu yangu ninapoyasema haya. Hata yeye ameinamisha kichwa kwa aibu yako.

Nilikulisha ugali wa uwele na mlenda kwa mikono hii. Nataka uniambie ni tonge gani lililokufundisha wizi. Mungu akulipe unavyostahili. Na ukitoka huko usirudi Chipelo. Huna mama hapa.

Emiliana, mjane wa Henry


Gerezani, Dodoma
20 Oktoba 2024

Mama Witness,

Nimepata barua ya Mama. Mchungaji alinipa akasimama kusubiri jibu, nikamwambia hakuna jibu. Usiku huo wenzangu waliniuliza kama nimefiwa.

Najua unachofikiri, kwa hiyo naandika kabla hujafanya. Usimwambie. Mama amezaa watoto wawili, mmoja amezikwa nyuma ya kota za reli, aliyebaki ni Joel. Ukimwambia kwamba Joel ndiye, utakuwa umemzika na huyo. Bora anichukie mimi. Mimi nimezoea kulelewa kwa hisani, na hisani ina siku ya kukatika.

Halafu huenda Joel amebanwa. Huenda alilazimika kusema vile mbele yake ili asishtuke, huku akitafuta njia. Nimemwandikia kumwomba jambo moja tu: aende amwambie mama yake ukweli kwa kinywa chake. Akifanya hivyo, mengine nitayavumilia.

Niombee. Na umwambie Witness asiache shule kwa ajili ya maneno ya watu.

Mumeo,
Daudi


Makole
3 Novemba 2024

Kaka Daudi,

Habari za huko? Samahani nimekawia, vikao vimenizidi kimo.

Nimezungumza na mtu anayejua sheria. Anasema ukiendelea kukana, kesi itavutwa hata mwaka na zaidi. Ila ukikubali kosa, wewe ni mtu mzima, ni mara ya kwanza, hukuvunja mlango wala kumjeruhi mtu. Hakimu ana moyo, huenda akakupa kifungo cha nje. Ungekuwa nyumbani kabla ya Krismasi. Lifikirie. Mambo ya makumbusho tusiyachanganye na kesi, hayatakusaidia, yatawavuta wengine tu.

Kuhusu Mama, nasikia alikuandikia kwa ukali. Mvumilie. Presha yake inapanda kwa jambo dogo, na daktari amekataza habari za kumshtua. Nitamweleza wakati ukifika.

Wewe ndiye mwenye moyo mkubwa kati yetu, tangu utoto. Unakumbuka tulipokisukuma kiberenge cha mafundi njia tukakipanda mpaka darajani? Ulichapwa peke yako na hukunitaja. Sijawahi kukisahau kitendo kile.

Ndugu yako,
Joel Henry


Chipelo
24 Novemba 2024

Baba Witness,

Ulinikataza nisimwambie Mama, na sikumwambia. Lakini nimempeleka akasikie mwenyewe, na kama huko ni kukukaidi, basi nimekukaidi.

Nilikuwa Majengo nauza ubuyu, nikamwona Iddy anapakia magunia ya mtama. Nikamwuliza, "Vile vitu vya stesheni ulivishusha wapi?" Akanishangaa. "Kwani hujui? Miyuji, kwenye bustani ya vinywaji ya Joel. Nilidhani mumeo ni mbia wake." Nikamwuliza kama anajua uko gerezani kwa ajili ya mzigo ule. Alikaa juu ya gunia, Baba Witness. Anasema yeye husafiri Singida na Tabora wiki nzima, hakusikia.

Sikukuandikia. Nilingoja siku ya Mama kurudi kliniki, nikajitolea kumsindikiza. Unajua hanisemeshi, lakini safari hii hakuwa na mwingine. Jicho moja limefunguka, anaona watu kama vivuli. Tulipotoka hospitali nikamwambia twende tukamsalimie Joel kazini. Akasema, "Kazini kwake si Makole?" Nikasema, "Leo yuko Miyuji."

Mume wangu, ubao wetu uko pale getini. CHIPELO, herufi zile zile, wamezipaka rangi mpya. Mama hakuuona. Tukaingia, tukaketi kwenye benchi. Mama akapitisha kiganja juu ya mbao, akasema "mninga", basi. Kijana akatuletea soda. Kichwani amevaa kofia ya mume wa Anyesi, ameigeuza kisogo mbele. Wote wanaohudumia wanavaa kofia, ila ile ya kweli ni moja.

Meza ya jirani wakataka nyama. Yule kijana akaenda pembeni akavuta kamba, kengele ikalia.

Mama akaweka soda chini. Akasimama. Amesimama wima kabisa, kama alivyokuwa akisimama zamani na kapu lake la mayai, uso ameuelekeza upande ambao treni ingetokea.

"Piga tena," akasema.

Kijana akacheka, akapiga tena.

"Hii ya Henry. Nani kaileta hapa?"

"Ya bosi hiyo, bibi. Ya Bwana Joel."

Joel alitoka jikoni anafuta mikono. Alituona akasimama. "Mama! Mmefikaje huku?"

"Kwa bajaji. Daudi alikuuzia hii kengele?"

"Mama, twende ndani tukaongee."

"Nimeuliza mbele ya watu, nijibu mbele ya watu. Alikuuzia?"

Joel akanitazama mimi kama vile ni mimi nitakayemjibia. Kisha akasema, "Mambo ya biashara huyaelewi, Mama. Makumbusho yalikwama. Vitu vile vilikuwa vinaoza kule."

"Na mimi ninayekaa kule, ninaoza?"

Watu wameacha kutafuna. Mama akasogea akamshika Joel shati, hapa kifuani, akapapasa mpaka akafika shavuni. Nilidhani anampiga. Alikuwa anatafuta uso wake.

"Nilimlaani Daudi kwa maandishi. Ulikaa kwenye kiti cha baba yako ukinisikia namtajia Thomas neno kwa neno. Nilipomaliza ukaniambia, 'Mama, ongeza kwamba asirudi Chipelo.' Ni wewe uliyesema hivyo. Nikaongeza."

Joel akasema, "Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Mimi ndiye nisiyeona."

Njia nzima kurudi hakulia. Tulipofika Chipelo alinishika mkono kwa mara ya kwanza tangu ukamatwe, akaniuliza mahakama inafunguliwa saa ngapi.

Usikubali kosa lolote. Ukiona nimekosa kukukaidi, tutagombana ukiwa nyumbani.

Sidonia


Chipelo
8 Desemba 2024

Mwanangu Daudi,

Safari hii sikumwita Thomas. Anayeandika ni Witness, nimeketi naye jikoni kwenu.

Sijui mama huanzaje kumwomba mtoto msamaha, sikufundishwa. Wazee wangu wangesema laana hurudishwa kwa maji. Asubuhi nimetia maji kinywani nikayatema upande wa mashariki, nikataja jina lako, nikasema niliyoyasema si yangu tena. Kama hayo yanatosha, sijui. Mungu niliyemwita akulipe, nimemwomba asinisikie.

Nimekwenda polisi pamoja na Sidonia na yule Iddy. Nimesema nilichoambiwa na Joel, siku aliyoniambia, na nilichokikuta Miyuji. Wamechukua vitu vyote kama ushahidi. Nitasimama mahakamani nirudie.

Watu wananiuliza nitawezaje kumfunga mtoto wangu. Nami nawauliza, mtoto yupi? Maana mmoja tayari amefungwa na hakuna aliyeniuliza.

Kitu kimoja kinanitesa. Kwa nini hukunijibu? Ungeniandikia hata mstari mmoja, "Mama, si mimi," ningekuamini. Au nisingekuamini. Lakini ungekuwa umeniachia nichague.

Mama yako, ukinikubali,
Emiliana


Gerezani, Dodoma
16 Machi 2025

Kaka Daudi,

Nimesikia shtaka lako liliondolewa na uko nyumbani tangu Januari. Nimefurahi, uamini usiamini. Mimi nipo ulipokuwepo. Kuna mtu humu anasema ulikuwa unalala karibu na ukuta wa mlangoni. Wamenipa pale pale.

Nataka ujue kwamba sikuanza na nia mbaya. Makumbusho yalikuwepo kichwani mwangu, na wafadhili walikuwepo, kisha hawakuwepo. Vitu vikakaa, mbia wangu akaja na wazo la bustani. Niliwaza, angalau watu watauona ubao, watauliza Chipelo ni wapi. Hata huo si urithi? Halafu wakaguzi wakapita stesheni wakakuta hamna kitu, wakaja ofisini kwetu kwa kuwa tunajulikana kwa mambo ya reli. Wakaniuliza ufunguo anao nani. Nikasema Daudi. Je, nilisema uongo? Niambie. Ufunguo si ulikuwa nao wewe?

Baada ya hapo neno moja lilivuta jingine.

Nakuomba jambo moja. Kesi yangu inatajwa tena baada ya Pasaka. Ukisema tulikubaliana wote wawili, kwamba vitu vikae popote vitakapoonekana na watu, nitapona. Wewe ulishatoka, hakuna wa kukurudisha. Fanya kwa ajili ya Mama.

Joel


Chipelo
6 Aprili 2025

Joel,

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Sidonia alitaka aitie motoni, nikamzuia, kwa sababu ulikuwa umeniuliza swali na mimi ni mtu ninayejibu.

Ndiyo, ufunguo nilikuwa nao mimi. Hukusema uongo. Wale wakaguzi waliuliza ufunguo anao nani, nawe ulijua wanachotaka kujua ni vitu viko wapi. Ungeweza kuwaambia. Ulikuwa umeketi umbali wa bajaji moja kutoka vilipokuwa. Nimelala kwenye ukuta huo wa mlangoni nikikutetea moyoni kila asubuhi. Nilijiambia umebanwa, unatafuta njia, utakuja. Kumbe ni wewe uliyewaonyesha njia ya kwangu. Hilo ndilo linaloniuma, wala si kifungo. Nilikuwa namlinda mtu aliyenikabidhi kwao.

Nyumbani nilifika salama. Bibi Anyesi alikuja na kuku kuniomba radhi, nikampokea kwa sababu Sidonia alisema kukataa kungekuwa kiburi. Watu wananisalimia tena. Naitikia, lakini nimeanza kuhesabu nani alikuwa wa kwanza kugeuza uso pale kisimani, na sipendi mtu ninayekuwa. Wakati sipo, wezi wa kweli wameezua mabati ya stesheni na kung'oa madirisha. Mvua za masika zimeingia mpaka chumba cha tiketi. Hakuna aliyekamatwa. Vitu tulivyopakia viko kituo cha polisi mpaka kesi yako iishe, na vikirudi, havina pa kurudi. Nimemwambia mwenyekiti wa kijiji atafute mtu mwingine wa kuvitunza.

Mahakamani nitasema yaliyotokea. Nitasema pia kwamba siku ile kwenye ngazi nilikuona mtu mwenye nia njema. Kama nilikosea kukuona hivyo, mahakama itajua yenyewe. Kwamba tulikubaliana juu ya bustani yako, sitasema.

Umenitaka nifanye kwa ajili ya Mama. Mama anaishi kwetu sasa. Jicho la pili limefanyiwa upasuaji, anaona vizuri mpaka anamkosoa Witness mwandiko. Jumapili ijayo atakuja kukuona. Ndiye aliyekushtaki na ndiye anayekupikia, hiyo ni kazi yake na siiingilii. Nitamleta mimi, maana njia ni ndefu, lakini nitabaki nje ya geti. Usimtume aniite.

Jana wakati tunapanga safari aliniuliza kama wewe na mimi tutapatana kabla hajafa. Nilimtazama machoni, yanayoona sasa, nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Nimemdanganya. Ukikaa naye Jumapili, akikuuliza hilo hilo, mjibu nilivyomjibu. Ni jambo la mwisho nitakalokuomba tulifanye pamoja.

Daudi Matonya